Piga picha kabla kitambaa hakijafunika: stetasi fupi za karakana

Panga sofa mbili kando ya Ngong Road, Nairobi, zote zimevalishwa kitambaa cha rangi moja, na mpita njia hatajua ipi ina fremu ya mbao kavu na ipi imeungwaungwa kwa vipande vya paleti na kushindiliwa magunia. Fundi anajua. Tofauti yote iko ndani, na siku ya kupigilia kitambaa ndiyo siku tofauti hiyo inapozikwa. Baada ya hapo mteja anabaki na kitu kimoja cha kulinganisha, nacho ni bei.

Stetasi ya nyuma ya pazia, yaani picha au video fupi unayoweka WhatsApp kazi ikiendelea, ina kazi moja: kuonyesha kile ambacho kazi ikiisha hakitaonekana tena. Ukilishika hilo, maswali mengi hujijibu yenyewe: upige picha gani, uipige lini, uandike nini. Picha ya sofa iliyokamilika ni tangazo, na selfi ya asubuhi ukiwa na kikombe cha chai ni salamu. Vyote viwili vina mahali pake, ila havimsaidii mteja kujua analipia nini. Hapa tunachukua karakana ya sofa kama mfano, lakini mpishi wa keki au fundi wa simu anaweza kuhamisha karibu kila hatua.

Hakikisha kwanza kuna anayeona

Stetasi ya WhatsApp haionekani na kila mtu mwenye namba yako. Lazima wewe uwe umehifadhi namba ya mteja, na mteja awe amehifadhi yako. Upande mmoja ukikosekana, unajitangazia mwenyewe. Fundi wengi hulalamika kwamba stetasi "haziuzi" kumbe nusu ya wateja wao hawajawahi kuziona.

Dawa yake ni kulimaliza jambo hilo wakati wa kupokea dipositi, mteja akiwa bado amesimama mbele yako: "Mama, hifadhi namba yangu sasa hivi. Nitakuwa nikiweka hatua za kazi yako kwenye stetasi, utaiona ikijengwa." Nawe hifadhi yake papo hapo ukitanguliza namba ya oda, kwa mfano "047 sofa". Kisha fungua mipangilio ya faragha ya stetasi. Kuna njia tatu: wote uliohifadhi, wote isipokuwa uliowaondoa, au wale uliowachagua tu. Hiyo ya pili inafaa watu wengi, kwa sababu unaweza kumwacha nje fundi jirani anayenakili kila mtindo bila kugombana naye.

Orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi ina masharti yale yale: inabeba watu 256 mwisho, na asiyekuhifadhi haupati. Instagram ni wazi zaidi, kwa kuwa hata asiyekujua anaweza kuingia. Huko pia stori hupotea baada ya saa 24, lakini unaweza kuibandika kwenye ukurasa wako ikae. Panga vibandiko hivyo kwa mada, "Fremu", "Sponji", "Viungo", ili mgeni anayekuja baada ya miezi mitatu akute kilicho ndani bila kukuuliza. Kwenye X, chapisho la kawaida lina herufi 280, ambazo kwa Kiswahili ni takriban maneno 40. Huko usianze upya kila siku. Jibu chapisho lako la kwanza la oda ile ile, hatua zishikane kama shanga kwenye uzi mmoja.

Chaki kwanza, simu baadaye

Kabla hujapiga picha yoyote, andika namba ya oda kwa chaki kwenye mbao yenyewe, upande wa ndani wa reli ya mbele (ubao wa mlalo wa fremu), herufi zenye urefu wa sentimita 8 hivi. "ODA 47". Sponji ikishafunika hapo, tumia kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi nyeusi, ukubwa wa daftari, kikiwa na namba hiyo hiyo, ukiegemeze pembeni mwa kazi. Namba hiyo inafanya mambo mawili. Mteja anajua ni sofa yake anayoiona, wala si picha ya jirani. Na tapeli anayekusanya picha za watu ili kuuza sofa ambayo hana, hupata shida kutumia picha yenye chaki yako katikati ya mbao.

Weka pia tepu ya kupimia ndani ya picha, imefunguliwa, namba zikisomeka. "Sponji nene" ni maneno tu. Tepu inayosoma inchi 5 pembeni mwa sponji haihitaji kutetewa.

Hatua zinazostahili kuonyeshwa

Mbao ndiyo picha inayorukwa zaidi, na ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Ubao ukishatoka soko la Gikomba, ambako unaununua kwa futi, mteja hana habari kama umekaa stoo ukakauka au umeingia kazini ukiwa bado mbichi. Mbao ya samani za ndani inatakiwa iwe na unyevu wa takriban asilimia 12. Ikiwa mbichi hunywea baadaye, viungo hulegea, na sofa huanza kulia kila mtu akikaa. Kama una kipima unyevu, choma sindano zake kwenye ubao uliokatwa wakati huo huo, upande wa ndani, kisha piga picha ya kioo chake. Kama huna, onyesha ncha ya ubao ikiwa safi, haina mpasuko, na useme umeukausha tangu mwezi gani.

Kiungo kinafuata. Simama sentimita 30 kutoka kwake. Gundi ikifinyika na kutoka nje wakati kiungo kinakazwa, hiyo ni dalili kwamba imejaa ndani, kwa hiyo piga picha kabla hujaifuta. Mafundi wengi hupanguza kwanza ili picha ionekane safi, wakafuta ushahidi wenyewe.

Mikanda na springi zinazobeba kiti zinataka video, maana picha haionyeshi mnyumbuko. Sekunde 8 zinatosha: kiganja kinabonyeza katikati, kinaachia, mkanda unarudi. Usiongeze muziki. Sauti ya mkanda ukirudi mahali pake ndiyo habari yenyewe.

Kwenye sponji kuna ubishi mwingi Nairobi, kwa sababu kila muuzaji husema yake ni "hai densiti". Densiti ni uzito kwa ujazo, na uzito hupimwa. Kata mchemraba wa sponji wenye sentimita 10 kila upande, uweke juu ya mizani ndogo ya jikoni. Idadi ya gramu utakayosoma ndiyo densiti yake kwa kilo kwa kila mita ya ujazo: gramu 32 maana yake ni densiti ya 32. Hesabu haikosei, kwa sababu michemraba elfu moja ya namna hiyo ndiyo inayojaza mita moja ya ujazo. Piga picha moja yenye mchemraba, namba ya mizani na plaiwudi ya oda. Ila hakikisha umekata sawasawa. Ukizidisha nusu sentimita kila upande, mchemraba unakuwa mkubwa kwa karibu asilimia 16, sponji ya 28 inasoma 32, nawe umemdanganya mteja bila kukusudia.

Kitambaa na kupakia kwenye pikapu havihitaji mengi. Picha moja ya mshono wa nyuma, moja ya miguu ikifungwa, basi.

Maneno: nini, kwa nini, kinachofuata

Kila stetasi ibebe jambo moja, kwa maneno 25 au pungufu. Ifuate mpangilio huu: unachoonyesha, sababu yake inayomgusa mteja, hatua inayofuata. Linganisha hizi mbili.

"Kazi inaendelea vizuri kwa uwezo wa Mungu, ubora wa hali ya juu, karibuni sana wateja wetu wapendwa."

"Oda 47. Mbao ya saiprasi, inchi 3 kwa 2, imekauka tangu Januari. Ikiwa mbichi, sofa hulia baada ya miezi michache. Kesho tunaunga fremu."

Ya kwanza ingeweza kuandikwa na yeyote kuhusu chochote, hata kinyozi. Ya pili ina namba, ina sababu, na inampa mteja neno la kumwambia mumewe jioni akiulizwa kwa nini hawakununua ile ya bei ya chini. Stetasi ikifika hapo imefanya kazi yake, maana mteja sasa ana cha kusema.

"Kwa nini" iwe ya mteja, isiwe ya fundi. "Tumetumia skrubu badala ya misumari kwa sababu ni za kisasa" haina maana kwake. "Tumetumia skrubu ili ukihama nyumba mkono wa sofa ufunguliwe upite mlangoni" ataikumbuka, hasa anayeishi ghorofa ya nne yenye ngazi nyembamba.

Kwenye "kinachofuata" taja hatua, usitaje siku ya kumaliza. Tarehe ya kukabidhi ni makubaliano kati yako na mteja mmoja, iko kwenye risiti. Ukiitangaza, kila mwenye oda ataipima yake kwa hiyo, na stima ikikatika siku mbili utakuwa umevunja ahadi kumi kwa mpigo. Vivyo hivyo bei. Aliyelipa zaidi kwa sababu ya kitambaa tofauti ataona ya mwenzake na kukupigia simu saa nne usiku.

Unapochelewa

Hapa ndipo stetasi fupi hulipa kuliko mahali pengine popote, na hapa ndipo mafundi wengi hunyamaza. Mteja hakasirishwi sana na vanishi isiyokauka. Kinachomuudhi ni simu isiyopokelewa.

Chukua Julai ya Nairobi, baridi na mawingu kuanzia asubuhi. Vanishi iliyokauka usiku mmoja mwezi Februari sasa inabaki nata. Ukiilazimisha, yaani ukipaka koti la pili juu ya la kwanza lililo bichi, hukunjamana. Na laka ikipuliziwa siku ya unyevu mwingi hunasa maji ikafanya weupe kama ukungu juu ya mbao. Hayo yote mteja hayajui. Gusa miguu ya sofa kwa kidole mbele ya kamera, onyesha alama ya kidole iliyobaki, uandike: "Oda 51. Koti la kwanza bado bichi kwa baridi hii. Tukipaka la pili leo litakunjamana. Tunasubiri, kisha msasa." Mpigie mwenye oda kwanza, kisha weka stetasi. Asiipate habari ya sofa yake pamoja na watu mia mbili.

Kosa la karakana lina utaratibu unaofanana na huo, kwa tahadhari zaidi. Kitambaa kimekatwa vibaya, maua hayakutani kwenye mshono. Ongea na mteja, mkubaliane, rekebisha, halafu ndipo uonyeshe: kipande kibaya mkono wa kushoto, kipya mkono wa kulia, na sentensi moja inayosema tatizo lilitoka wapi. Usimtaje aliyekosea. Kijana wa karakana akifanywa kichekesho kwenye stetasi hatakuambia kosa linalofuata. Atalifunika kwa kitambaa.

Simu yenyewe

Picha nyingi za karakana zina ukungu kwa sababu ya vumbi la mbao kwenye lenzi, si kwa sababu simu ni ya bei ya chini. Futa kwa kitambaa cha pamba kila unapoitoa mfukoni. Usitumie kile ulichofutia gundi.

Vibanda vya mabati vilivyo wazi upande wa barabara vina tatizo lao: ndani giza, nje jua kali. Ukielekeza kamera barabarani, kazi inakuwa kivuli cheusi. Geuka, mgongo uwe barabarani, mwanga upite begani mwako uangukie kazi. Gusa kioo cha simu pale unapotaka paonekane, ushikilie kidole mpaka mwanga ujifunge, usiwe ukipanda na kushuka.

Usiku chini ya taa, video huweza kuonyesha mistari myeusi inayotembea. Umeme wetu ni wa 50 Hz, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona, wakati simu inarekodi picha 30 kwa sekunde. Kama kamera ina sehemu ya kurekebisha kwa mkono, weka kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha hupokea mwanga, iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde. Kama haina, piga kazi hiyo mchana.

Shika simu wima. Maandishi yakae katikati, kwa sababu juu kabisa kuna jina lako na chini kuna sehemu ya kujibu, nazo huyafunika. Zima randa na grainda kabla ya kuongea, simu iwe karibu na mdomo kiasi cha shubiri moja. Na hata ukiongea, andika ujumbe ule ule kwa maneno machache, maana anayeitazama yuko kwenye matatu, sauti imezimwa au imemezwa na muziki wa dereva.

Idhini

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na haihusu makampuni makubwa tu. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya burudani Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwa karakana ndogo, hizo ni pesa za kufunga mlango.

Chapisha mistari miwili chini ya kitabu chako cha oda: "Picha za kazi yangu zionyeshwe: ndiyo / hapana" na "Uso au jina langu lionekane: ndiyo / hapana". Mteja anaweka alama na sahihi anapolipa dipositi. Wengi hukubali ya kwanza na kukataa ya pili, na hiyo inakutosha kabisa. Waulize na vijana wa karakana vilevile.

Siku ya kupeleka, usiweke chochote ukiwa njiani. Sofa ikishashuka na pikapu ikarudi, weka picha ya ndani ya pikapu, isiwe ya geti, namba ya nyumba au namba ya gari la mteja. Ujumbe wa M-Pesa usiupige picha hata kwa furaha ya kulipwa: una jina la mtu, msimbo wa muamala na salio lako.

Ngapi kwa siku

Tatu hadi tano. Zikizidi, duara linalozunguka picha yako kwenye orodha ya stetasi hugawanyika vipande vidogo kama mshono wa cherehani, na mtu akiliona hivyo hupita. Piga picha wakati wa kazi, zipandishe wakati wa mapumziko: saa saba mchana na baada ya saa moja jioni ni mahali pa kuanzia. Kisha usikisie. WhatsApp inakuonyesha nani ameona na saa ngapi. Tazama orodha hiyo kwa wiki mbili, utajua wateja wako wako macho lini. Angalia pia nani alijibu, na alijibu ipi. Swali kama "Fundi, hiyo ya springi ni bei gani?" ni kipimo kizuri kuliko majina mia ya waliopita.

Usiandike "sasa hivi" kwenye picha ya wiki jana. Mteja aliyepita karakanani asubuhi akakuta kazi nyingine mezani atajua.

Kwa kazi nyingine, tafuta tu ni lini kitu kinafichika. Mwoka keki apige tabaka kabla ya krimu. Fundi cherehani apige ndani ya koti kabla ya bitana kushonwa. Fundi wa simu pale Luthuli Avenue aweke betri iliyovimba kando ya mpya, simu ikiwa bado wazi na mteja akiitambua kwa kasha lake.

Mwisho wa siku, kabla saa 24 hazijaisha, hifadhi kila picha na video kwenye albamu yenye namba ya oda, kisha nakili albamu hizo kila Jumamosi mahali pengine nje ya simu hiyo. Mwaka ujao mteja akirudi akisema kiti cha kushoto kimelegea, fungua albamu ya 47: utaona mikanda ilikuwa mingapi, umbali kati ya mmoja na mwingine, na skrubu zipi zilishika reli ile. Utabandua kitambaa upande mmoja tu.